Namna ya Kushusha Injini Isiyo na Kosa

Pikipiki iliyotumika, hapa Dar es Salaam, hainunuliwi na mtu mmoja. Ukifika Tandika au Tegeta kuiangalia utamkuta dalali, kijana wa dalali mwenye kitambaa, na mpita njia ambaye hakujui wala humjui, lakini yuko tayari kuapa kwamba chuma hiki anakifahamu tangu kilipotolewa dukani. Wasikilize wote watatu na usiiguse mashine. Ukiikuta inanguruma, imeshapata moto, shukuru kwa ukarimu huo. Mashine ya baridi ina mdomo: ukiitia gia ya kwanza ikaruka mbele ilhali klachi umeibana, imeshakupa habari ambazo hukuja kuzitafuta.

Uliza ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya mwalimu. Zote zilikuwa za walimu. Alikuwa akiendea shuleni na kurudi, basi. Usitazame vikanyagio vya abiria vilivyolika hadi chuma, wala keria iliyochomelewa nondo za kuongeza nafasi. Huenda mwalimu alikuwa akienda shuleni na madawati. Mshale wa kilomita nao ukiwa umekufa, usihoji. Kilomita zilizoganda haziongezeki.

Lipa. Kuhakiki kadi TRA, au kuangalia kama namba inadaiwa faini za trafiki, ni tabia ya watu wasiowaamini wenzao. Panda uondoke zako. Hadi unafika Mbagala Rangi Tatu utakuwa umegundua mambo mawili: gia zinaingia kwa kugonga, na frii haipatikani kwenye foleni mpaka uzime injini. Sasa kazi inaanza.

Kwanza lipe tatizo jina kubwa. Ukimwambia fundi "gia ngumu kidogo" umejipunguzia heshima wewe na yeye. Sema giaboksi imekufa. Neno hilo likishatoka halirudi, na kuanzia hapo kila atakayepita kijiweni atakuwa na ndugu ambaye giaboksi yake ilikufa hivihivi.

Kuna vipimo ambavyo havihitaji spana wala fundi, nami navitaja ili uvijue na uviepuke. Cha kwanza ni hicho cha frii. Zima injini, sukuma pikipiki mbele na nyuma kidogo, kisha tafuta frii kwa mguu. Ikipatikana kwa urahisi injini ikiwa imezimwa, ikakataa injini ikiwaka, basi giaboksi haina hatia. Klachi ndiyo haiachii: umebana leva lakini pleti bado zinashikana, injini inaendelea kuzungusha gia, na wewe unazilazimisha gia zinazozunguka zikae. Kugonga unakokusikia ni malalamiko yao. Mtu aliyefanya kipimo hiki anarudi nyumbani jioni ileile, hana hadithi.

Cha pili ni cha kuteleza. Tafuta lami iliyonyooka, Barabara ya Kilwa inafaa kukiwa na nafasi, weka gia ya juu, mwendo wa wastani, halafu fungua resi kwa mkupuo. Injini ikipiga kelele na pikipiki ikabaki na mwendo wake uleule, pleti zinateleza. Mara nyingi harufu ya kuungua itakuja kuthibitisha. Basi haya ni magonjwa mawili yaliyo kinyume: klachi isiyoachia na klachi isiyoshika. La kwanza aghalabu huletwa na waya uliolegea, la pili na waya uliokazwa mno. Waya ni mmoja, na ndio spea ya bei ndogo kuliko karibu zote utakazotajiwa katika safari hii. Sasa unaelewa kwa nini hakuna mtu atakayeutaja.

Ukiamua kuwaudhi wote, fanya hivi. Vuta leva ya klachi taratibu kwa kidole kimoja. Pale shinani, leva inapokutana na mshikio wake, panatakiwa pafunguke uwazi wa milimita 2 au 3 kabla waya haujaanza kuvuta. Ukikosekana kabisa uwazi huo, pleti hazikandamizwi sawasawa na zitateleza. Ukiwa mkubwa, klachi haiachii. Kuna nati ya kurekebishia pale kwenye mkono na nyingine kule chini waya unakoingia kwenye injini. Ya juu inataka vidole, ya chini inataka spana mbili. Tazama na nyuzi za waya ndani ya leva: zikianza kukatika mojamoja, waya unarefuka kila siku nawe unalaumu gia. Kasoro ya tiba hii ni kwamba inaisha kabla hujaagiza soda, na fundi anabaki anakutazama kana kwamba umemwibia.

Tuseme hukufanya hayo. Umekwenda kwa fundi. Fundi anayefaa kwa mwongozo huu yuko chini ya mwarobaini, amekalia tairi, pembeni yake kuna karai la oili chafu na injini tatu za watu walioahidiwa "kesho". Anaiwasha yako, anapiga resi mara tatu, anainamisha kichwa.

"Bosi, hapa tushushe tu mashine."

"Haiwezi kuwa waya, fundi?"

"Waya ndiyo dalili, bosi."

Huwezi kubishana na jibu la namna hiyo.

Hapa itabidi niseme neno la haki kuhusu mafundi, kisha niendelee kuwasema. Pikipiki za mitaani kwetu ni za koo mbili: za Kihindi, yaani Boxer na TVS, na za Kichina, SanLG, Fekon na ndugu zao. Hizi za Kichina nyingi zimefuata mchoro wa injini ya Honda CG125, iliyoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1970. Wajapani walioibuni walikuwa wameona jinsi watu katika nchi zinazoendelea wanavyozitumia pikipiki bila sevisi, wakatengeneza injini ya kumvumilia mtu huyo. Walimfikiria mtu asiyebadilisha oili. Hawakumfikiria mtu anayeshuka mteremko wa Mzinga akiwa frii, injini imezimwa kuokoa mafuta, amepakia abiria mishikaki, kisha akifika chini anaichomeka gia ya pili bila kubana klachi ili iwake yenyewe. Ni fundi wa chini ya mwarobaini ndiye anayeendeleza pale Mjapani alipoishia, na anafanya hivyo akiwa na bisibisi moja.

Turudi kwenye kazi. Klachi ya pikipiki hizi inakaa upande wa kulia, nyuma ya mfuniko wenye kiki. Haihitaji kushusha injini. Unamwaga oili, unatoa kiki, unafungua bolti za namba 8 zinazozunguka mfuniko, na klachi iko mbele yako. Ukisikia mtu anasema lazima injini itoke kwenye fremu ili aone pleti, mpe hongera na uchukue funguo.

Oili inayomwagika ndiyo karatasi ya vipimo vya maabara, kwa hiyo fundi makini ataimwaga kwenye mchanga kabla hujasogea. Ukiwahi kuikinga, isome. Ikiwa ya rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Pengine masika ya mwaka huu mwalimu alivuka mahali ambapo hata daladala ziligeuza. Ikinuka kuungua na kuwa na unga mweusi laini, hizo ni pleti. Pitisha sumaku, ile ya spika mbovu ya redio inatosha: ikirudi na uji wa kijivu laini, huo ni uchakavu wa kawaida wa chuma kinachosuguana. Ikirudi na vipande vinavyomeremeta, vyenye pembe, hapo tu ndipo neno giaboksi linapata uhalali wake. Sumaku hii ni adui wa maongezi.

Na oili yenyewe? Hapo ndipo ninapokosa uvumilivu. Pleti za klachi za pikipiki hizi zinaogelea kwenye oili ileile ya injini na giaboksi. Kwa hiyo oili ya pikipiki inatakiwa ilainishe lakini isiwe laini mno, maana pleti zinaishi kwa msuguano. Wajapani walilitungia jambo hilo kiwango mwaka 1998, na ndiyo maana makopo ya oili ya pikipiki yameandikwa JASO MA. Oili nyingi za kisasa za magari madogo zimetiwa dawa za kupunguza msuguano ili gari lile mafuta kidogo. Ukiimimina oili hiyo kwenye pikipiki, klachi nzima, pleti mpya, spring mpya, inaanza kuteleza. Lakini oili ya kupima kutoka kwenye pipa lisilo na jina ina faida moja kubwa: haina kopo, kwa hiyo hakuna kilichoandikwa cha kukukosesha usingizi. Weka hiyo. Na usipime kina chake. Injini hizi hubeba kama lita moja tu, ikipungua robo utajua kwa mlio.

Mfuniko umetoka. Angalia nati ya katikati inayoshikilia klachi kwenye shafti. Nati hiyo ina soketi yake maalumu, ambayo fundi wako anayo nyumbani, au aliiazimisha. Kwa hiyo ataifungua kwa tindo na nyundo. Usihuzunike, kagua kwanza makovu. Nati yenye alama za tindo za zamani inakusimulia kwamba injini ambayo "haijawahi kufunguliwa" imefunguliwa na watu wenye hasira tofauti, mmoja akipiga kulia, mwingine kushoto. Hakuna kadi ya pikipiki inayosema kweli namna hii.

Pleti hutoka kwa zamu: yenye magamba ya kusugulia, ya chuma kitupu, yenye magamba, ya chuma. Zenye magamba zikiwa mpya huwa na unene wa karibu milimita 3, na zikipungua kama nusu milimita zimekwisha. Fundi atazipima kwa ukucha wa dole gumba, chombo ambacho hakijawahi kusoma nusu milimita tangu kiumbwe. Za chuma zilaze juu ya kioo; iliyopinda itacheza. Iliyobadilika rangi kuwa ya bluu imeungua. Kisha pitisha kidole kwenye kikombe kinachobeba pleti, kwenye zile nguzo zake: meno ya pleti yakigonga kila siku huchimba vidato, na pleti ikinasa kwenye vidato klachi haiachii hata ukinunua waya wa dhahabu. Vidato vidogo husawazishwa kwa tupa. Hili ndilo jambo ambalo karibu kila fundi huliruka, anafunga pleti mpya kwenye kikombe kilichochimbika, na baada ya siku chache anakwambia pleti ulizoleta zilikuwa feki.

Huenda zilikuwa feki kweli. Utakuwa umezinunua Gerezani, ambako utaulizwa swali moja: unataka orijino, ya Mhindi, au ya kawaida? Zote tatu zitatoka kwenye boksi la aina moja, mara nyingine kwenye rafu moja. Tofauti ni kimo ambacho kijana wa duka atapandia ngazi. Ukizipata, zilowekwe kwenye oili safi kabla ya kufungwa. Zikifungwa kavu zitaungua siku ya kwanza tu. Mwongozo wetu unapendekeza kavu. Zinaonekana mpya zaidi.

Wakati klachi iko nje, jambo la mwisho la kutotazama ni nyuma yake. Kwenye injini nyingi za aina ya CG, huko ndiko iliko spring inayorudisha pedeli ya gia na ile nyota ndogo inayohesabu gia. Pedeli ikiwa imelegea, haipandi yenyewe baada ya kukanyagwa, au gia zinaruka mbili mbili, ugonjwa mara nyingi uko pale, na dawa yake ni kipande kinachokaa kwenye kiganja. Giaboksi haijaguswa. Na kabla hata ya hapo, tazama nje: pedeli iliyopinda ikagusa mfuniko, au meno yake yaliyolika pale inapokaa kwenye shafti, hufanya gia zishindwe kuingia vizuri. Cheni iliyolegea na raba zilizokwisha ndani ya habu ya nyuma hutoa mlio wa kugonga kila ukibadilisha gia, na masikio ya kijiweni yote yataupeleka mlio huo kwenye giaboksi. Mara moja moja utakutana na pikipiki ambayo gia zote zinaingia, injini inazunguka, nayo imesimama tu. Watu wanakusanyika, wanazungumzia shafti. Kumbe sproketi ya mbele imeteleza kwenye meno yake. Iko nje, chini ya kifuniko cha bolti mbili.

Basi tuseme umeyaruka yote hayo kwa ustadi, sumaku nayo umeiacha nyumbani, injini imeshushwa na kupasuliwa. Hongera. Sababu halali ya kufika hapa ni moja au mbili: gia inayochomoka yenyewe ukivuta resi, kwa kawaida ileile moja, au mvumo wa beringi unaobadilika kulingana na mwendo. Gia huchomoka kwa sababu meno ya pembeni yanayoziunganisha gia yamelika pembe, au uma unaozisukuma umepinda. Uma hupindwa na mtu anayebadilisha gia kwa kisigino cha buti bila klachi. Gia mbili zinazokutana hubadilishwa zote mbili. Mpya ikifungwa na ya zamani, ya zamani humfundisha mgeni tabia. Washa nyembamba zilizo kati ya gia zina mpangilio wake, na fundi mwangalifu huzitunga kwenye waya kwa mfuatano zilivyotoka. Wako amezitia kwenye kopo la petroli zikaoge pamoja.

Kwa kuwa ili kupasua ilibidi kitoke kila kitu, kuanzia kichwa cha injini na bloku hadi sumaku ya kuzalisha umeme, utashauriwa kwamba sasa ndio wakati wa kubadilisha pistoni na ringi, "maana tumeshafungua". Ni ushauri usioweza kukataliwa, kwa sababu ni kweli imeshafunguliwa.

Lakini maarifa yote haya ya spana hayaelezi kwa nini klachi za Dar es Salaam zinakufa mapema kuliko zilivyoandikiwa. Ndiyo, kuna mchanga wa Chamazi na Mbande, kuna vilima vya Salasala na Madale ambako mtu anabalansi kwa klachi huku akisubiri lori la kokoto ligeuze. Hayo yanachangia. Kisa chenyewe, kwa maoni yangu, ni makubaliano. Pikipiki ni ya tajiri. Dereva anapeleka hesabu, mara nyingi kati ya shilingi 7,000 na 10,000 kwa siku, mashine ifanye kazi isifanye. Na katika makubaliano mengi ya hesabu, matengenezo madogo ni ya dereva, makubwa ni ya tajiri. Waya, oili na pleti ni vidogo. Injini na giaboksi ni vikubwa. Sasa mtu mwenye akili timamu, aliyebakiwa na elfu nne jioni, ana sababu gani ya kununua pleti leo, wakati akivumilia mwezi mmoja zaidi ugonjwa utahama kutoka mfuko wake kwenda mfuko wa tajiri? Klachi inayoteleza haiui mtu. Inakula mafuta zaidi, inachemsha oili, oili inaharibu beringi, na beringi si kitu kidogo.

Na akichoka anampa daiwaka, dereva wa kibarua, amshikie jioni. Daiwaka hana pleti, hana gia, hana oili. Ana jioni tu.

Ukiwa umefuata mwongozo huu hadi hapa, wewe sasa ndiye tajiri. Mashine imerudi kutoka chini ya mwarobaini, umemkabidhi kijana wa jirani huko Buza, na baada ya wiki chache amekuja na kofia ngumu mkononi. Vaa sura ya kazi, msikilize.

"Shikamoo, tajiri. Mashine inateleza."

"Marahaba. Pleti hizo, na pleti ni zako. Tulikubaliana."

"Sikatai, tajiri. Lakini fundi anasema nyuma ya pleti kuna gia, na gia ni zako."

"Nani aliyekwambia ufungue?"

"Imeshafunguliwa, tajiri."

"Na hesabu ya siku zote hizo ilizolala kwa fundi?"

"Hiyo muulize daiwaka, ndiye aliyekuwa nayo."